Babu Ndalahwa, Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 2 Novemba 1987. Bukoba

Nimerudi kutoka Kamachumu kwa lori la kahawa. Mgongo wote unauma. Naandika haraka kabla mteja wa kwanza hajafika. Ikiwa shajara hii itasomwa na vizazi vijavyo, wajue kwamba mimi ni Aroni, mwandishi wa barua na maombi ya kazi, meza ya tatu nje ya soko. Mashine yangu ya chapa imekatika k ndogo. Napiga K kubwa kila mahali. Wateja wanadhani ni heshima.

Mdogo wangu Josia amezidi kukonda. Miaka thelathini na minne, na shati lake la mgambo la mwaka sabini na tisa linaning'inia kama liko kwenye msumari. Ni ugonjwa ule. Jina lake sitaliandika. Kamachumu nzima hawalitaji, wanasema "huu wa siku hizi" na kuangalia chini.

Nilikaa mlangoni. Si kwamba naogopa. Mlangoni kuna hewa, na mtu wa mjini amezoea hewa. Shemeji Alistidia, mke wa Josia, alinimiminia chai. Nikatoa kikombe changu mwenyewe mfukoni mwa koti. Nikamweleza kwamba nina mafua, sipendi kuwaambukiza. Alimimina tu.

Binamu yangu Privatus alikuwepo. Yupo siku zote! Anatoka zahanati anakofunga watu vidonda, anapanda baiskeli, anakuja kumwogesha Josia, kumbadilisha shuka, kumlisha uji kwa kijiko. Wote wanamsifu. Mimi namwangalia kwa makini. Mtu hafanyi kazi zote hizo bila sababu. Nadhani anakitaka kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo.

Baada ya chakula mama yake Privatus, Shangazi Kokwijuka, akasema jambo. Kwamba baba yake, yaani babu yetu Ndalahwa, aliondoka nyumbani mwaka arobaini na nne na hakurudi. Hakuna kaburi kwenye kibanja. Hakuna aliyemlilia. Watu wote wanasema alikwenda vitani Bama, kwa Wajapani. Lakini alikufa lini? Wapi? Mtu ambaye hakuliliwa, akasema Shangazi, anazunguka, na anayezunguka hawezi kuwaangalia wajukuu wake.

Mwinjilisti akisikia maneno haya atakasirika. Lakini mimi nimepata mpango! Babu alikufa vitani. Waliokufa vitani waliandikwa magazetini. Nitalitafuta gazeti, nitaipata tarehe, tutamlilia babu inavyostahili, na Josia atapona. Huu si uganga. Huu ni utafiti.

Privatus anamwogesha mtu mmoja. Mimi nitauogesha ukoo mzima.

Nilipokuwa naondoka Josia aliniomba nikae siku mbili tu. Nikamwambia nina wateja.

Jumatano, 4 Novemba. Bukoba

Wateja leo: hakuna.

Nimekwenda kwa karani mmoja mzee ambaye zamani alitunza makaratasi ya kanisa. Akasema magazeti ya miaka hiyo yalikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilipotea Oktoba ya sabini na nane, askari wa Amin walipovuka na watu wakakimbia mji. Kila mtu alichukua alichoweza kubeba.

Namwelewa. Mwezi ule marehemu mama alikuwa kwangu hapa mjini kwa matibabu ya miguu. Ndege zilipopita nilikimbia na mashine ya chapa. Josia ndiye aliyetoka Kamachumu kuja kumchukua mama. Alimbeba mgongoni mpaka Kemondo, akampata mtu wa lori, halafu akaenda kujiandikisha mgambo. Akafika mpaka Masaka, Uganda. Watu bado wanalisimulia jambo hilo. Hakuna anayesimulia kwamba mashine ya chapa nayo ni nzito.

Karani alinipa neno moja la maana. Maruku yupo Mzee Karugendo, karani mstaafu wa kituo cha utafiti wa kahawa na migomba. Wakati wa Mwingereza alikuwa akipokea gazeti lililoitwa Tarumbeta ya Ziwa, na hakutupa hata nakala moja. Nikauliza anazihifadhi wapi. Karani akasema ukutani.

Sikumwelewa.

Ijumaa, 6 Novemba. Maruku

Sasa nimemwelewa.

Nyumba ya Mzee Karugendo ni ya udongo, na ndani kuta zote zimebandikwa magazeti kwa uji wa muhogo. Sebule, korido, jikoni. Vita vya Hitla viko juu ya meza ya chakula. Bei ya kahawa ya mwaka arobaini na sita iko nyuma ya mlango. Mzee mwenyewe hasikii vizuri. Nilimwambia natafuta kifo cha babu. Akanijibu kwamba dobi yuko nyumba ya tatu.

Nimesoma kuta tangu asubuhi mpaka saa tisa. Shingo imekakamaa. Nimesoma nikiwa nimesimama, nimepiga magoti, nimepanda kiti. Kiti kimevunjika. Mchwa wamekula sehemu kubwa ya mwaka arobaini na tatu.

Halafu, chini kabisa, nyuma ya mtungi wa maji, Aprili 1944, herufi nene:

NDALAHWA WA KAMACHUMU: MAUTI YA USHUJAA. Habari kamili ukurasa wa 4.

Nilipiga kelele! Mzee Karugendo alisikia, na huyo hasikii radi. Ushujaa! Nilijua. Damu haidanganyi.

Ukurasa wa nne uko wapi? Mzee akaonyesha kidole kwenye mlango wa chumba cha kulala. Nikainuka. Akanizuia. Mle amelala mke wake, Mama Felicitas, ambaye alivunjika nyonga miaka mitatu iliyopita na hatoki kitandani. Mwanamume mgeni haingii mle. Nikamweleza umuhimu wa historia. Akanielekeza tena kwa dobi.

Haidhuru. Kichwa cha habari kinatosha. Nakwenda Kamachumu kesho.

Jumapili, 8 Novemba. Kamachumu

Siku kubwa maishani mwangu.

Kabla ya ibada nilimshika mwinjilisti nikampa karatasi, nimeiandika kwa mkono mzuri. Akaisoma kwenye matangazo, baada ya mkutano wa akina mama na kabla ya mbuzi aliyepotea. Kwamba Ndalahwa wa hapa Kamachumu alikufa kifo cha ushujaa katika vita vya Bama, na habari zake zilitoka gazetini, na aliyezigundua ni mjukuu wake Aroni. Watu waligeuka. Wazee wawili walinishika mkono. Hata Privatus, Mkatoliki, aliyekuwa nje amekuja kumchukua mama yake, alinipongeza. Nilimwangalia machoni. Sikuona wivu. Anajua kuficha.

Nyumbani nikamwambia Josia kutoka mlangoni. Aliniuliza babu alikufaje hasa. Nikasema kwa bunduki. Ya nani? Nikasema ya Mjapani. Akaniuliza kama gazeti limeandika hivyo. Nikasema limeandika ushujaa, na ushujaa ni nini kama si bunduki?

Josia ndiye aliyeona bunduki karibu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Masaka hakuona mtu aliyekufa akifanana na neno hilo.

Akaniomba tena nikae wiki hii. Shemeji Alistidia naye akaniomba. Alisema Josia akisikia sauti yangu anakula. Nikawaeleza kwamba siwezi, mpaka niupate ukurasa wa nne. Bila ukurasa wa nne hatuna tarehe, bila tarehe hatuna kilio, bila kilio hakuna kupona. Alistidia akasema, "Basi ukija tena, shemeji, umletee senene. Amezitamani."

Nimeahidi. Senene, panzi wa kukaanga, ndiyo kwanza zimeanza kuanguka mjini.

Jumatano, 11 Novemba. Maruku

Mpango wa leo ulikuwa mzuri sana, na nauandika kwa sababu hiyo.

Nimeazima koti jeupe kwa muuza nyama. Madoa nimeyageuzia ndani. Nikafika kwa Mzee Karugendo, nikasema kwa sauti ya juu kwamba nimetumwa kukagua fukusi wa migomba nyumba kwa nyumba, vyumba vyote. Safari hii alisikia! Mtu aliyefanya kazi kituoni miaka thelathini, neno fukusi analisikia hata usingizini. Akanifungulia chumba mwenyewe.

Mama Felicitas alikuwa amelala chali, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Akaniuliza tangu lini fukusi wa migomba wanalala vitandani. Halafu akasema mimi ndiye niliyepiga kelele sebuleni Ijumaa. Akaniamuru nivue koti, linanuka damu, na nikae.

Nikavua. Nikakaa. Nikamweleza yote.

Akauliza, "Ndalahwa ni babu yako? Kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi na babu yako tunaamka pamoja kila siku, miaka mitatu sasa."

Ukurasa wa nne ulikuwa ukutani, karibu na mto wake. Hakuutazama. Alifumba macho akausema wote kwa moyo, kama watoto wanavyosema katekisimu. Nauandika hapa nilivyounakili baadaye:

"Twatangaza kwa majonzi kifo cha Ndalahwa wa Kamachumu, kilichotokea kisiwani Goziba mwezi uliopita. Mdogo wake Mushumbusi, mvuvi, alishikwa na ndui, na wenzake wote wakamkimbia wakamwacha kibandani peke yake. Ndalahwa alipopata habari alivuka ziwa, ingawa wengi walimkataza. Alikaa naye siku kumi na tisa, akimwosha na kumlisha kwa mkono wake, na mdogo wake alipofariki alimzika. Baadaye naye aliugua, na hapakuwa na mtu wa kumwosha. Tabibu wa serikali alipofika alimkuta amelala kando ya kaburi la mdogo wake, amekwisha kufa. Mungu awape wengine moyo kama huo."

Ndui! Si Bama! Hakuna hata bunduki moja katika habari nzima. Hakuna Mjapani. Na kanisa limeshatangaza!

Nadhani niliyasema hayo kwa sauti, maana Mama Felicitas alifumbua macho akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwenu nani mgonjwa?" akauliza.

Nikasema hakuna. Halafu nikasema yupo mdogo wangu, kidogo.

"Unamwosha?"

Nikamwambia yupo Privatus.

Akageuza uso ukutani. Akasema nichemshe maji, nishike birika karibu na karatasi, mvuke utaibandua. Habari ni ya watu wetu, akasema, tukaisome nyumbani. Ilitoka vizuri, kona moja tu ilibaki. Nyuma yake udongo mtupu. Alinyoosha mkono akaupapasa ule udongo, akasema hajui kesho ataamka na nani.

Nilimwonea huruma. Nikambandikia nakala ya barua ya kuomba kazi ya udereva. Ni barua nzuri, mojawapo ya zile bora nilizoandika. Ina K kubwa ishirini na sita.

Ijumaa, 13 Novemba. Kamachumu

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Jana nilikaa na mashine nikaandika habari ya babu upya. Ukurasa mmoja na nusu. Mto wa Bama, mvua, Wajapani arobaini, babu na bunduki yake. Nilijitoa machozi mwenyewe. Sikusema uongo. Nilipanua ushujaa tu.

Asubuhi nilinunua senene za Josia, zimekaangwa vizuri. Njiani nilionja moja ili kuhakikisha chumvi. Tulipofika Muhutwe mfuko ulikuwa mtupu. Safari ni ndefu, na lori lilikuwa linarusha.

Nikasoma kutoka mlangoni. Walikuwepo Josia, Alistidia, Shangazi Kokwijuka, na Privatus akiwa anamkanda Josia miguu. Nilipofika kwa Mjapani wa kumi Shangazi akanikatiza. Akasema baba yake alikuwa haoni jicho la kushoto tangu utotoni. Hata kuku akipita upande huo hakumwona. Nani alimpa bunduki?

Nikasema jeshi lilikuwa na upungufu wa watu.

Hapo Alistidia alikuwa amekuja kunipa kiti. Aliona karatasi ya zamani inachungulia mfukoni mwangu. Akaichomoa. Amesoma mpaka darasa la saba, anasoma vizuri. Akaisoma yote, amesimama katikati ya chumba.

Nje mtu alikuwa anatwanga.

Shangazi Kokwijuka akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu. Akasema alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi ile alimfungia baba yake ndizi za kuchoma kwenye jani. Baba yake alisema waziwazi kwamba anakwenda kwa mdogo wake. Watu wa nyumbani walikuwa wamesikia kuna ndui kisiwani, wakaogopa kumfuata, wakaogopa hata kuuliza. "Tukasema Bama," akasema Shangazi. "Bama ilikuwa rahisi kusema."

Privatus aliacha kukanda, akamshika mama yake.

Josia akaomba isomwe tena. Alistidia akaisoma tena. Josia akawa anatabasamu, sijamwona hivyo tangu Pasaka. Akasema kumbe tulikuwa na mtu mkubwa hivi na tukamficha nyuma ya Wajapani. Halafu akapapasa kitanda, pale pembeni yake.

"Kaka, njoo ukae hapa."

Nikasema nafasi ni ndogo.

"Mimi si mnene," akasema. Wote wakacheka, hata Shangazi na machozi yake. Mimi pia nilicheka. Lakini nilibaki pale pale. Miguu ilikataa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: miguu, si mimi.

Na hapo, nikiwa nimesimama, nikaona njia! Babu amelala Goziba. Hana kaburi kwenye kibanja. Nikileta udongo wa Goziba tutamzika nyumbani, na mambo yatakwisha. Nikawatangazia. Nilitegemea watafurahi.

Josia akasema hataki udongo. Aliyasema taratibu, akipumzika kati ya maneno. Kwamba udongo upo mwingi hapa hapa. Kwamba nikae mpaka Jumapili hii tu, halafu niende popote. Privatus naye akanifuata nje, akaniambia kama mtu wa zahanati kwamba siku zimebaki chache, nisiende.

Ndiyo kwanza nikajua nia yake. Anataka mimi nisiulete ule udongo. Nikiuleta na Josia akapona, nani atamsifu tena?

Naondoka kesho alfajiri kwenda mwaloni kupanda mtumbwi wa Goziba.

Jumatatu, 16 Novemba. Goziba

Kisiwa cha mawe, vibanda na dagaa. Harufu siwezi kuieleza. Tulivuka kwa mtumbwi wa injini siku nzima ya Jumamosi, na nilitapika siku nzima ya Jumamosi. Jana mpaka mchana sikuweza kusimama.

Nimempata mwenyeji, mvuvi mmoja wa Kisukuma aitwaye Mayenga, mtu mzima, mikono kama makasia. Nilimwuliza kaburi la Ndalahwa. Akasema hapa watu wanakuja na kuondoka, hakuna anayejua jina la mtu wa miaka arobaini iliyopita. Lakini nyuma ya uwanja wa kuanikia dagaa kuna marundo ya mawe ambayo wavuvi hawaaniki juu yake. Wanapaita kwa watu wa ndui. Alipokea agizo hilo kwa waliomtangulia, naye anawaambia wanaokuja.

Marundo mawili yako pembeni, karibu karibu, mbali na mengine. Huenda ndiyo. Huenda siyo. Nilijaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilitegemea kuhisi kitu. Nilihisi jua.

Karibu na pale kuna mafungu mapya matatu. Mayenga akasema ni vijana wake wa mwaka huu. Huu wa siku hizi umefika mpaka kisiwani. Amewazika yeye mwenyewe, na wa kwanza aliogopa hata kumshika, akamfunga kwenye tanga akamvuta. Akasema bado anamwota. Wa pili na wa tatu aliwaosha. Sikumwuliza, aliniambia tu, huku anatengeneza wavu.

Mtumbwi wa kurudi ulikuwepo leo asubuhi. Ungenifikisha bara jioni hii, na kesho mchana ningekuwa Kamachumu. Nilishaingia, kopo mapajani. Ndipo wakamleta kijana mwingine, wamembeba kwenye mkeka, anapelekwa hospitali. Mayenga akaniomba nimwegemeze begani kwangu, maana mtumbwi umejaa samaki na yeye anashika injini.

Kijana alikohoa.

Nikatoka. Nikasema nimesahau kitu. Mayenga akauliza nini. Nikasema udongo hautoshi. Akalitazama kopo, limejaa mpaka juu. Hakunilaumu. Akaweka magunia mawili, akamwegemeza kijana hapo, wakaondoka.

Mtumbwi mwingine ni Alhamisi. Siku tatu si nyingi. Babu amengoja miaka arobaini na tatu.

Ijumaa, 20 Novemba. Kamachumu

Josia alifariki Jumanne, saa kumi jioni. Walimzika juzi Jumatano.

Nilijua kabla ya kufika. Kuna mtu njiani aliyenisalimia halafu akavua kofia. Kwenye kibanja wamekata migomba mitatu kupata nafasi. Udongo bado mwekundu. Nyumbani wamelala kwenye nyasi, Alistidia amenyolewa nywele.

Wameniambia yote, kwa zamu, kama wanavyofanya kwa mtu aliyechelewa. Jumatatu alikula uji kidogo. Jumanne asubuhi aliacha kuona vizuri. Mchana akaanza kuuliza kama nimefika. Aliuliza mara nyingi. Shangazi alimjibu kwamba niko njiani. Akaendelea kuuliza. Saa tisa hivi akauliza tena, "Aroni amefika?" Privatus alikuwa amekaa kitandani, amemshika mkono. Akasema, "Nimefika."

Josia akauliza, "Ni wewe, Kaka?"

Privatus akasema, "Ni mimi. Nimekaa."

Josia hakuuliza tena. Alishika ule mkono mpaka mwisho.

Alistidia ndiye aliyenieleza hayo. Privatus alikuwa ameinama, hakuweza kunitazama. Akaniomba msamaha. Yeye aniombe mimi!

Nilikasirika. Nilimwambia alitumia jina langu bila ruhusa. Nilimwambia katika kazi yangu jambo hilo lina jina lake, na ni kosa, mtu haweki sahihi ya mwenzake. Nilisema kwa sauti, mbele ya waombolezaji. Privatus alisema ni kweli, kaka, ni kosa, na akaendelea kulia.

Nikaenda kaburini na kopo. Nikamwaga udongo wa Goziba juu ya ule mwekundu. Ni mweusi zaidi, wenye mchanga na magamba ya dagaa. Ulionekana kidogo sana. Nilipiga hesabu kwamba kwa ule mtumbwi wa Jumatatu ningefika Jumanne saa nane mchana. Nimeipiga mara kadhaa, jibu ni lile lile. Saa nane.

Nikakaa pale. Nafasi ilikuwa ya kutosha. Nilimsomea ukurasa wa nne, wote, karibu kabisa, ili asikie. Sauti yangu haikuwa nzuri. Mvua ilianza, nikaendelea mpaka maandishi yakachujuka.

Jumapili, 29 Novemba. Bukoba

Wateja wamerudi kidogo. Wanne wiki hii, wote barua za msiba.

Nimekuwa na muda wa kufikiri, na nimeligundua kosa. Kosa halikuwa la mpango. Mpango ulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba tulitafuta babu asiyehusika! Babu Ndalahwa amelala kando ya mdogo wake, ana amani, hana shida na mtu. Shida imetoka upande wa pili wa nyumba.

Ushahidi ni huu. Alistidia ameanza kukohoa. Privatus amepita hapa jana kwa baiskeli, amekonda kidogo na yeye kwa uchovu, kuniambia. Homa za jioni, na vipele mkononi. Alinieleza kwa sauti ya zahanati. Nikamwuliza maswali ya ukoo wake. Privatus hakuona uhusiano, hana akili ya utafiti, lakini alijibu. Na ikawa kama nilivyodhani! Babu yake Alistidia alikuwa mpagazi wa Wajerumani, akapotea mwaka kumi na tano Waingereza walipoupiga mji huu. Hakupatikana. Hakuliliwa.

Magazeti ya wakati ule yalikuwa ya Kijerumani. Yako wapi sijui bado. Lakini hapa Kashai nimempata mzee aliyekuwa mpishi wa mchungaji Mjerumani, naye amekubali kunifundisha lugha hiyo. Jumapili na Jumatano, saa nane mchana. Anasema kwa mtu mwenye kichwa miaka miwili inatosha.

Privatus alileta pia ujumbe wa Alistidia. Anasema nyumba imekuwa kimya mno. Anaomba niwe nakwenda Jumapili, hata nikae mlangoni tu, si lazima niseme kitu. Privatus akaongeza kwamba yeye mwenyewe atakuwepo, nisiogope, kuna mambo atanionyesha taratibu jinsi ya kumshika mgonjwa. Nilimjibu Alistidia kwa barua, nimeipiga chapa kwa uangalifu, kwamba namkumbuka sana, kwamba niko kazini kwa ajili yake, na kwamba Jumapili nina somo.

Leo lilikuwa la kwanza. Tumeanza na watu wa nyumbani. Baba ni Vater, mama ni Mutter. Ndugu ni Bruder. Hilo la mwisho mzee amenirudisha mara saba. Anasema nalianza vizuri halafu naliachia njiani.